SOMO KWA KWAYA ZA MATAWI: KUPANDISHA NA KUSHUSHA SAUTI KWA KOMPYUTA



Matawi kadhaa yametuletea nyimbo zao ili zipigwe kwenye sherehe za Mei Mosi. Nyingine zilirekodiwa kwa simu chini ya mwembe, nyingine katika studio za hapa Kampala kwa pesa za wanachama. Tumezisikiliza zote. Maneno ni mazuri na ngoma ni nzuri. Lakini katika nyimbo nyingi waimbaji wako mahali pao na kinanda kiko mahali pake, na matawi mawili yalilipa saa tatu za studio kwa kazi ya dakika kumi. Sababu ni kwamba fundi aliuliza, "Mzee, tupandishe ngapi?" na hakuna aliyejua la kujibu. Mtu akinunua mahindi huuliza kilo ngapi. Anayelipa pesa ya chama kwa ajili ya sauti, naye lazima ajue anapimiwa nini.

Iko sababu nyingine iliyo nzito kuliko hiyo ya kwaya. Siku hizi wanachama wetu hutoa ushuhuda redioni na katika simu juu ya mambo ya kazini, na huahidiwa kwamba sauti zao zitabadilishwa wasijulikane. Ahadi hiyo inahusu mkate wa mtu. Tutaifikia mwishoni, na tunaomba hata wasiopenda kuimba wasome mpaka hapo. Lakini huwezi kuelewa habari ile bila kuelewa kwanza hii ya nyimbo.

SAUTI KUBWA SI SAUTI YA JUU

Kiswahili chetu kina mtego mmoja hapa. Tukisema "pandisha sauti" tunaweza kuwa na maana mbili. Ya kwanza ni kuongeza nguvu, kama unavyofungua redio mpaka jirani asikie habari. Ya pili ni kuipeleka sauti kutoka besi kwenda soprano bila kuongeza nguvu yoyote. Mama anayembembeleza mtoto huimba sauti ya juu lakini ndogo. Radi ni sauti ya chini lakini kubwa. Katika somo hili ile ya pili tutaiita kimo cha sauti. Mkiwa studio msiseme tu "pandisha," maana fundi ataongeza nguvu, nanyi mtadhani amewadharau.

Kimo kinatokana na mtikisiko. Kila kitu kinachotoa sauti kinatikisika, na kadiri kinavyotikisika mara nyingi zaidi katika sekunde moja ndivyo sauti inavyokuwa ya juu. Wenzetu wa viwandani wanaifahamu ngurumo ya transfoma. Umeme wetu ni wa hezi 50, maana yake unakwenda na kurudi mara 50 kila sekunde, na chuma kilichomo ndani ya transfoma huvutwa mara mbili katika kila mzunguko. Kwa hiyo ile ngurumo ni mitikisiko 100 kwa sekunde, karibu na chini kabisa anapofika mwimbaji wa besi. Noti ya "la" ambayo vyombo vingi vya duniani hupangiwa ni mitikisiko 440. Ukiipunguza nusu, ikawa 220, unasikia "la" ileile lakini ya chini. Ukiiongeza maradufu, ikawa 880, ni "la" ileile tena, ya juu. Mruko huo wa maradufu huitwa oktava. Ndiyo maana wanaume na wanawake wanaweza kuimba wimbo mmoja, wao chini na hawa juu, na bado tukasema wanaimba sawa.

Katikati ya oktava moja, kinanda cha kizungu kimeweka ngazi 12. Kila ngazi ni nusu-toni. Na hapa ndipo watu hupotea, kwa sababu ngazi hizo hazijumlishwi bali huzidishwa. Fikirini mkopo wa riba juu ya riba, kama wanavyotukopesha wale watu wanaosubiri mlangoni siku ya mshahara. Ukikopa shilingi 100,000 kwa riba ya 6 kwa kila mia kwa mwezi, na usilipe kitu, baada ya miezi 12 deni ni zaidi kidogo ya 200,000. Nusu-toni ni hivyohivyo. Kila ngazi huongeza mitikisiko karibu 6 kwa kila mia juu ya ile iliyotangulia, na baada ya ngazi 12 umefika maradufu. Ukipanda nusu-toni 5, mitikisiko 100 inakuwa karibu 133. Ukipanda 7, inakuwa karibu 150. Nusu-toni nayo imegawanywa katika senti 100, kama shilingi ya zamani, kwa ajili ya marekebisho madogo.

MWENDO NA KIMO NI NDUGU

Mfanyakazi wa mashine ya kukata au ya kusaga anajua jambo hili bila kufundishwa. Mzigo ukiisha kwenye mashine, mzunguko unaongezeka na mlio unapanda. Ukilisha mashine kwa wingi, inalemewa na mlio unashuka. Mwendo na kimo huenda pamoja.

Wale tulio na umri tunakumbuka santuri. Ndogo zilizunguka mara 45 kwa dakika, na zile kubwa mara 33 na theluthi. Mtoto akiweka kubwa kwa mwendo wa 45, wimbo wa dakika 3 uliisha kwa dakika 2 na sekunde 13, na mwimbaji mzima akawa kama mtoto. Kimo kilikuwa kimepanda nusu-toni 5 na kidogo. Huko Marekani mwaka 1958 Ross Bagdasarian alitumia hila hiyo kwa makusudi. Aliimba polepole wakati mkanda unakwenda nusu ya mwendo, kisha akaucheza kwa mwendo kamili, akapata sauti za wanyama wadogo aliowaita Chipmunks, nao wakamtajirisha.

Kompyuta haina mkanda wala santuri, ina namba tu. Katika kiwango cha sidi za muziki, sauti hupimwa mara 44,100 kila sekunde na kila kipimo kuandikwa kama namba. Kipande kilichorekodiwa hivyo, kiwe pigo moja la ngoma au ubeti mzima, mafundi hukiita sampo. Kukipandisha oktava moja, kompyuta husoma namba moja na kuruka moja. Kukishusha oktava, huingiza namba nyingine katikati ya kila namba mbili, na namba hizo mpya ni za kukisia kutokana na jirani zake. Ndiyo sababu ngoma iliyoshushwa sana husikika nzito na yenye ukungu, kama imefunikwa blanketi.

Hiyo ni njia ya kwanza, nayo hubadilisha urefu. Sampo ya sekunde 2 ikipandishwa nusu-toni 12 hubaki sekunde 1. Ikishushwa 12, inakuwa sekunde 4. Kwa pigo moja la engalabi hakuna hasara, na sisi twaona ndiyo njia bora kwa ngoma, kwa sababu kishindo cha mkono juu ya ngozi hubaki kikali. Katika FL Studio, ambayo vijana wengi bado huiita FruityLoops kwa jina lake la zamani, ukibonyeza noti ya juu au ya chini kuliko ile ya msingi ndivyo inavyofanya, mpaka uiagize vinginevyo.

Lakini kwaya haiwezi kufanyiwa hivyo. Ubeti wa sekunde 20 ukipandishwa nusu-toni 3 utaisha katika sekunde 17 hivi, na ngoma zitaachwa nyuma zikiwatafuta waimbaji. Kwa hiyo iko njia ya pili, ya kubadili kimo bila kugusa urefu. Kompyuta hukata sauti vipande vidogo sana, vya kama sehemu ya ishirini ya sekunde. Inaisoma haraka ili kimo kipande, kisha inajaza muda uliopotea kwa kurudia baadhi ya vipande, ikivilaza kimoja juu ya kingine kama fundi anavyopandanisha bati juu ya bati ili mvua isipite. Bati likipandana vizuri hakuna anayeona maungio. Likipandana vibaya, paa linavuja, na katika sauti mvujo huo husikika kama kutetemeka au kama mtu anayeimba ndani ya bomba. Kishindo cha ngoma kikikatwa hivyo huweza kurudiwa mara mbili, na pigo moja likawa mapigo mawili yaliyobanana.

Programu ya Audacity, ambayo ni ya bure na tunaitumia hapa ofisini, ina amri tatu zilizo mbalimbali. Moja hubadili mwendo na kimo pamoja, ya pili hubadili kimo peke yake, na ya tatu hubadili mwendo peke yake. Kabla ya kubonyeza, jiulizeni mnataka lipi kati ya hayo matatu. Fundi wa studio naye akiuliza "ngapi," mjibu kwa nusu-toni, na mseme kama urefu ubaki au ubadilike. Hayo ndiyo majibu mawili tu anayoyahitaji.

KWA NINI MWIMBAJI HUGEUKA MTOTO

Mtauliza, kama njia ya pili ni nzuri, mbona soprano iliyopandishwa nusu-toni 5 bado husikika kama panya?

Jazeni jerikeni kwenye bomba la maji na msikilize. Maji yanavyopanda, nafasi ya hewa inapungua, na mlio unapanda. Mwenye kuchota maji gizani hujua jerikeni limejaa kwa masikio yake. Kinywa na koo la mtu ni kama nafasi ile ya hewa. Nyuzi za koo hutikisika na kutoa kimo, kisha kinywa huipa sauti umbo lake, na umbo hilo hutuambia kama ni mtu mzima au mtoto, na kama ametamka "a" au "i". Mtu anapoimba noti ya juu, nyuzi hukaza lakini kichwa chake hakipungui. Kompyuta isiyo na akili hupandisha vyote viwili pamoja, kimo na umbo la kinywa, kwa hiyo mama mwenye watoto watano hutokea na kinywa cha mtoto wa miaka saba. Programu nyingi nzuri zina kitufe cha kulinda umbo hilo. Mkiwa studio kiulizieni, hata kama fundi atasema si lazima.

Ushauri wetu kwa kwaya ni huu. Nusu-toni 1 au 2 hazina madhara makubwa. Zaidi ya hapo, imbeni upya. Kuimba upya ni bure, na mwalimu wa kwaya akianza wimbo mahali pafaapo hakuna haja ya kompyuta yoyote. Tumeona matawi yanalipa fundi apandishe wimbo ambao ulianzishwa chini kwa sababu tu aliyeuanzisha ana mafua.

Iko pia programu ya kunyoosha noti zilizopinda, Auto-Tune, iliyotoka mwaka 1997. Aliyeitengeneza, Andy Hildebrand, alikuwa mtaalamu wa kutafuta mafuta kwa mawimbi ya sauti yanayopelekwa chini ya ardhi, na hesabu za kazi ile ndizo alizozileta kwenye uimbaji. Mwaka 1998 Cher wa Marekani aliitumia kwa nguvu zote katika wimbo "Believe," mpaka sauti ikaruka kama ya mashine, na tangu hapo dunia nzima imeipenda. Kampala nayo imeipenda sana. Hatuna ugomvi na vijana. Ila ni lazima mjue jinsi inavyofanya kazi. Inasikiliza noti uliyoimba, inatafuta noti iliyo karibu katika zile 12 za kinanda, na inakuvuta kwenda huko. Kama noti yako haikuwa mbaya bali haimo katika zile 12, itakuvuta vilevile.

AMADINDA HAIMO KATIKA KINANDA

Jambo hili linatuhusu sisi wa Uganda kuliko wengi. Wenzetu wa mashamba ya miwa ya Kakira wako katika nchi ya Busoga, nyumbani kwa embaire, ile marimba kubwa ya magogo ambayo watu kadhaa huipiga pamoja. Baganda wana amadinda yenye mbao 12. Vyombo hivi havina ngazi 12 katika oktava, vina ngazi 5. Na tena ngazi hizo hazikupangwa kama vidude vyeusi vya kinanda, ambavyo navyo ni vitano. Klaus Wachsmann, aliyekuwa mtunzaji wa Jumba la Makumbusho la Uganda hapa Kampala, alizipima sauti za vyombo vyetu, na mwaka 1950 aliandika katika jarida la Nature la Uingereza juu ya kinubi cha Baganda kilichopangwa kwa hatua zinazokaribia kulingana.

Pigeni hesabu. Oktava ni senti 1,200. Ukiigawa kwa 12 unapata 100, ndiyo nusu-toni ya kinanda. Ukiigawa kwa 5 unapata 240. Hakuna noti ya kinanda iliyo kwenye 240. Ile ya 200 iko chini kwa senti 40, ile ya 300 iko juu kwa senti 60. Mwanakwaya akiimba sawasawa na amadinda, na fundi akawasha ile programu ya kunyoosha, mwimbaji atatolewa mahali palipo sawa na kupelekwa pabaya. Halafu watu watasema marimba ya wazee ndiyo iliyokosea!

Dawa yake ni rahisi. Mkirekodi pigo moja la ubao mmoja na kutaka kutengeneza mengine kutoka hilo, msiseme "panda nusu-toni 2." Semeni nusu-toni 2 na senti 40. Hatua ya pili ni nusu-toni 4 na senti 80, ya tatu ni 7 na 20, ya nne ni 9 na 60, na ya tano ni 12 kamili. Lakini hesabu hii ni ya kuanzia tu. Fundi wa marimba hupanga mbao zake kwa sikio, akichonga kidogo hapa na kidogo pale, na hakuna marimba mbili zilizo sawa kabisa. Chombo chenu kikiwepo, rekodini kila ubao peke yake mara moja, na kazi ya kupandisha na kushusha mtakuwa mmeiepuka yote. Wenzetu wa West Nile wenye adungu nao wafanye hivyohivyo kwa kila uzi.

Marehemu Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa Kabaka aliyefundisha wengi kwenye Jumba la Makumbusho mpaka wageni kama Gerhard Kubik wakaja kujifunza kwake, hakuhitaji namba yoyote katika hizi. Tunaziandika kwa sababu kompyuta haina sikio na lazima iambiwe.

NANI ALIPWE

Chama cha wafanyakazi hakiwezi kuzungumza juu ya mashine bila kuuliza watu wamekwenda wapi. Kule Gulu, harusi ya Acholi ilikuwa na kundi zima la wapigaji na wachezaji wa larakaraka. Vita na umaskini vilifanya kundi kubwa liwe ghali mno, na mafundi kama Leo Palayeng, pamoja na mwimbaji Otim Alpha, wakaiweka ngoma ile ndani ya kompyuta. Nyimbo zao zilitolewa mwaka 2017 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya hapa Kampala. Mwaka huohuo lebo hiyo ilitoa mkusanyo wa singeli wa studio ya Sisso ya Dar es Salaam. Singeli ilizaliwa katika mitaa kama Manzese na Tandale kwa vijana waliochukua vipande vya taarabu na kuvikimbiza, mapigo 200 na zaidi kwa dakika, na sauti zikapanda pamoja na mwendo kama santuri ile ya mtoto. Ni kazi ya maskini wenye akili, na tunaiheshimu. Mwaka 2023 kundi la embaire la Nakibembe kutoka Busoga nalo lilitoa albamu kwa lebo ileile, watu wazima kwa mbao zao, kwa hiyo mashine haijamfukuza kila mtu.

Swali letu ni juu ya yule ambaye kipande cha sauti yake kimechukuliwa. Tawi moja liliimba studio, likalipa, likaondoka. Baada ya miezi, kiitikio chao kikasikika katika tangazo la biashara, kimepandishwa nusu-toni kama 5. Waliolalamika waliambiwa, "Hiyo si sauti yenu tena, ni ya kompyuta." Ndugu, hayo ni maneno ya ujanja. Kupandisha sauti ya mtu hakuifanyi kuwa ya mwingine, kama vile kupaka rangi baiskeli ya mtu hakukupi baiskeli. Sheria ya Hakimiliki na Haki Jirani ya Uganda ya mwaka 2006 inamlinda mtunzi, na pia inamlinda mwimbaji katika kile alichoimba. Mtunzi ana haki ya kutajwa kwa jina, na ya kupinga kazi yake ikipotoshwa au kubadilishwa.

Lakini sheria hiyohiyo ina kifungu ambacho kila katibu wa tawi anapaswa kukijua. Kazi ikitungwa na mtu akiwa katika utumishi wa mwajiri, au ikiagizwa na mtu mwingine, haki inakuwa ya mwajiri au ya yule aliyeagiza, isipokuwa kama kuna mkataba unaosema vinginevyo. Sasa fikirini kwaya iliyoundwa na kampuni, ikafanya mazoezi saa za kazi, ikavalishwa sare ya kampuni, na wimbo ukaagizwa na meneja kwa ajili ya wageni. Mkiutaka wimbo uwe wenu, mkataba uandikwe kabla ya kurekodi. Karatasi moja inatosha: nani mwenye wimbo, kama vipande vyake vinaweza kukatwa na kutumiwa kwingine, kama vinaweza kubadilishwa kimo au mwendo, na malipo ni kiasi gani. Fundi naye atie sahihi. Fundi mwaminifu hakatai, maana karatasi ile humlinda yeye pia.

SAUTI YA SHAHIDI

Sasa tufike kwenye lile tuliloahidi.

Mwanachama wetu mmoja, mwanamke, alieleza redioni jinsi msimamizi alivyowataka wanawake kabla ya kuwaandikia siku za kazi. Redio hiyo hatutaitaja. Ilimwahidi kwamba sauti yake itafichwa, na kweli ilishushwa ikawa nzito kama ya mwanamume. Asubuhi ya pili msimamizi alimwita kwa jina lake. Kazi ilikwisha wiki ileile, na kesi yake tuliishughulikia miezi mingi.

Kwa nini alijulikana? Kwanza, kwa sababu ya yale tuliyojifunza. Kushusha kimo hakugusi namna mtu anavyozungumza. Lafudhi ya kwao inabaki, neno analopenda kulirudia linabaki, kikohozi na kucheka vinabaki, na mahali anapovuta pumzi. Msimamizi aliyefanya kazi na mtu miaka minne hahitaji kimo ili kumtambua. Na nyuma ya maneno ilisikika kengele ya zamu.

Pili, na hili wengi hawalijui, kilichoshushwa kinaweza kupandishwa. Kama fundi alishusha nusu-toni 4, mtu yeyote mwenye programu ya bure akipandisha nusu-toni 4 atapata sauti inayokaribia sana ile ya mwanzo. Asipojua ni ngapi, atajaribu 3, kisha 4, kisha 5, mpaka asikie mtu anayemfahamu. Ni kazi ya dakika chache. Kufuli ambalo ufunguo wake uko mikononi mwa kila mtu si kufuli. Hata zile njia za kuharibu sauti mpaka iwe kama redio mbovu si za kutegemea, kwa sababu hesabu za kurudisha sauti zinazidi kuwa na nguvu kila mwaka.

Kwa hiyo agizo letu kwa matawi yote ni kwamba ushuhuda wa mwanachama usipelekwe redioni wala kusambazwa katika simu kwa sauti yake, hata ikiwa imebadilishwa, kama anaogopa kujulikana. Maneno yake yaandikwe, kisha yasomwe na mtu mwingine kabisa, ikiwezekana asiye wa shamba lile na asiye na lafudhi ya kwao. Kabla ya kusomwa, yaondolewe yale yanayomtaja bila jina: namba ya mstari, zamu, tarehe ambayo yeye peke yake alikuwepo, maneno aliyoambiwa faraghani. Mtu anaweza kuficha uso na bado akatajwa na kiatu.

Ile rekodi ya asili, kwa sauti yake halisi, isifutwe na isiguswe. Mkifika mbele ya afisa wa kazi au Mahakama ya Viwanda, sauti iliyochezewa itapingwa na wakili wa mwajiri, na atakuwa na haki kuipinga. Nakala safi iwekwe na katibu mahali pa kufungwa kwa ufunguo, si katika simu ya kuchezewa na watoto, na si katika kundi la ujumbe la tawi. Nani anayo, na tangu siku gani, viandikwe katika kitabu. Na mwenye sauti aulizwe kwanza kabla ya yote hayo. Akikataa, basi amekataa.

Ili wanachama waamini kwa masikio yao, tunataka kila tawi lifanye zoezi hili katika mkutano ujao. Mtu mmoja atoke nje na arekodi sentensi moja katika simu. Mwingine aishushe nusu-toni 4 kwa Audacity, urefu ubaki vilevile, na wenzake wasikilize na kukisia ni nani. Kisha wa tatu, ambaye hakuambiwa ni nusu-toni ngapi, aipandishe mpaka mtu atambulike. Andikeni ilichukua dakika ngapi mlete ofisini Kampala pamoja na orodha ya michango. Matawi yasiyo na kompyuta yanaweza kutumia ya ofisi siku yoyote isipokuwa Jumatano, ambapo mhasibu anafanyia hesabu za ada. Njooni na waya wa kuunganisha simu, ule wetu umekatika.